Kumbukumbu za Kikao cha Tatu

Waliohudhuria: arubaini na saba, mbali na mimi.
Karani hahesabiwi.
Waliokosa kwa udhuru: Bwana Hirsi, anayeuguliwa na mamake.
Waliokosa bila udhuru: umeme.

Ukumbi wa Tononoka, feni zimesimama.
Tulifungua madirisha ya upande wa barabara
na honi za tuktuk zikaingia
kama wajumbe waalikwa.

Ajenda: namna ya kuchagua kamati ya wadi.
Mwaka jana aliyeshinda alipata kura mia tatu na nane.
Waliomkataa, ukiwajumlisha, ni mia saba na kitu.
Hicho kitu ni sisi:
Wabaluchi wa Makupa, nyumba zilizobaki,
Wagoa wa ghorofa moja,
Wanubi ambao hata orodha imewaandika "wengineo".

Mwalimu Mwakio, mstaafu wa hesabati,
alisimama na chaki mkononi, ubao hakuna.
"Raundi ya pili," alisema. "Asiyefika nusu arudi,
wawili wa juu wapambane upya.
Mtu asiwaongoze watu ambao wengi wao hawakumtaka."
Makofi. Nimeandika: makofi.

Bi. Nyevu, auzaye nazi Kongowea:
"Mimi hizo wiki mbili za katikati nazitaka sana.
Hapo ndipo mkubwa ajuapo jina la mwanangu.
Hapo ndipo mtaro wetu uzibuliwapo.
Ingekuwa raundi ni kumi
tungekuwa na lami."
Kicheko. Hicho sikukiandika.

Bi. Filomena Dias hakusimama, goti lamsumbua.
"Raundi ya kwanza nashindwa.
Raundi ya pili naulizwa nataka kushindwa na nani.
Nipigie hesabu, mwalimu:
tukiwa mmoja katika kila kumi,
na viti ni kumi,
mbona hatuna hata stuli?"
Akataka viti vigawanywe kwa mafungu,
kila kundi kwa kadiri ya kura zake.

Kijana mmoja wa nyuma (jina sikulidaka):
"Mama Mdigo, baba Mkamba, mke ni Mtaita.
Nipangeni basi.
Fungu langu ni lipi, au mwanikata vipande?"
Palikuwa kimya, honi peke yake.
Nimeandika: mjadala uliendelea.

Babangu alipiga kura tangu ujana,
shati la pasi, wino kidoleni,
na hakuna aliyempigia akashinda, hata mmoja.
Hakununa. Alisema ushindi ni zamu.
Alifariki angali foleni.
Haya hayamo katika ajenda.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono.
Tubaki tulivyo: kumi na tisa.
Raundi ya pili: kumi na sita.
Mafungu: kumi na mbili.

Mwenyekiti, Bwana Shekue, akakunja karatasi yake.
"La kwanza limepita."

Mwalimu Mwakio alicheka peke yake, polepole,
kama mtu aliyeona kosa ubaoni
na kengele imeshalia.
Bi. Filomena ndiye aliyelisema:
"Ishirini na wanane twataka kuhama,
kumi na tisa wamefunga mlango,
na ufunguo tumewapa sisi wenyewe."

Mwenyekiti akaniinamia sikioni.
"Hilo usilitie."

Umeme ukarudi ghafla.
Feni zikazirusha karatasi zangu hadi chini ya viti vya mbele
na watu wakainama kunisaidia kuokota,
wa kumi na tisa na wa kumi na mbili,
vichwa vikigongana.

Nimelitia.

Mengineyo: mtaro wa Bi. Nyevu.
Kikao kilifungwa kwa dua, saa kumi na moja na robo.

Kumbukumbu hizi zitasomwa kikao kijacho, mbele ya wote.
Atahitajika mmoja wa kupendekeza kwamba ndivyo ilivyokuwa,
na mmoja wa kumuunga mkono.
Hapo hawaulizi nusu wala thuluthi.
Wawili watosha.